Tulishinda kesi ya Sahara Magharibi, lakini hukumu hatukuisoma hadi mwisho

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MSIMAMO WA TANZANIA KUHUSU SAHARA MAGHARIBI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Arusha. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilifanyika hadharani: hukumu ilitolewa hapa mjini kwetu, nchi yetu ikiwa miongoni mwa zilizoshtakiwa, na tangu siku hiyo sijamsikia kiongozi yeyote akiitaja.

Nazungumzia hukumu ya tarehe 22 Septemba 2022 ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Wakazi wa Arusha tunaipita Mahakama hii kila siku bila kuigeukia. Iko barabara ya kwenda Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA, na abiria wengi wa daladala za Kisongo watakwambia pale ni ofisi za hifadhi za taifa, basi. Aliyefungua kesi ni Bernard Mornah, mwanasiasa wa Ghana. Alizishtaki nchi nane kwa mpigo: Benin, Burkina Faso, Ghana, Ivory Coast, Malawi, Mali, Tunisia na Tanzania. Alidai kwamba mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliipokea Moroko kuwa mwanachama huku Moroko ikiwa imekalia sehemu kubwa ya ardhi ya mwanachama mwenzake, Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, na kwamba nchi hizi hazikusimama kumtetea yule aliyekaliwa. Walioipokea Moroko walikuwa wengi kuliko hao nane. Hizi zilishtakiwa kwa sababu ndizo, wakati ule, zilizokuwa zimekubali kwa tamko rasmi kushtakiwa na mtu binafsi mbele ya Mahakama hiyo. Nitalirudia tamko hilo mbele.

Tulishinda. Majaji walisema nchi nane hazikuvunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, madai dhidi yetu yakaanguka, na nadhani faili likafungwa hapo. Mshindi huwa hana haja ya kusoma hukumu mara ya pili.

Lakini kabla ya kutuachia, majaji walisema mambo ambayo hayakuanguka. Walisema Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika wote wanaitambua hali ya Sahara Magharibi kuwa ni ukaliaji, na kwamba ni ardhi ambayo kazi ya kuiondolea ukoloni haijakamilika. Walisema kuendelea kukaliwa na Moroko hakupatani na haki ya watu wale kujiamulia hatima yao, haki iliyoandikwa katika kifungu cha 20 cha Mkataba. Kisha wakatugeukia sisi, yaani nchi zote zilizoridhia Mkataba: tuna wajibu wa kutafuta suluhisho la kudumu la ukaliaji huo, na tusifanye lolote litakaloonekana kuuhalalisha.

Mheshimiwa, hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hatukukutwa na hatia, ila tumeachiwa kazi. Nani anaifanya?

Kwa msomaji ambaye habari hii ni ngeni kwake, niieleze kwa kifupi, ingawa si fupi. Sahara Magharibi ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 266,000 kwenye pwani ya Atlantiki, limepakana na Moroko, Algeria na Mauritania. Hispania ilianza kulitawala mwaka 1884. Umoja wa Mataifa uliliweka kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala mwaka 1963, na bado limo. Mwaka 1975, Hispania ikiwa inafungasha, Moroko na Mauritania zote zilidai ardhi ni yao tangu enzi za mababu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake tarehe 16 Oktoba mwaka huo: ndiyo, kulikuwa na baadhi ya makabila yaliyomtii Sultani wa Moroko, na kulikuwa na mafungamano fulani na Mauritania, ila hakuna katika hayo kinachowanyima wenyeji haki ya kujiamulia. Majuma matatu baadaye Moroko ikaingiza raia wake wapatao 350,000 kwa miguu, wameshika bendera na Kurani. Wahispania wakaondoka bila kuwauliza wenye nchi. Chama cha Polisario, kilichoanza mwaka 1973 kikipigana na Hispania, kikatangaza jamhuri tarehe 27 Februari 1976. Mauritania ilichoka na vita, ikajitoa mwaka 1979. Moroko ikachukua na kile kipande chake.

Tangu hapo nchi ile imekatwa vipande viwili na ukuta wa mchanga na mawe wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,700, kama mara nne ya safari ya Arusha hadi Dar es Salaam, umezungukwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Magharibi mwa ukuta kuna miji, samaki na fosfeti, yaani madini ya kutengenezea mbolea, chini ya Moroko. Mashariki kuna jangwa lililo mikononi mwa Polisario. Na ng'ambo ya mpaka, kule Tindouf nchini Algeria, kuna kambi za wakimbizi zilizopewa majina ya miji waliyoikimbia: El Aaiún, Smara, Dakhla. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliwakadiria mwaka 2018 kuwa zaidi ya 173,000. Sisi tuliowapokea Warundi na Wakongo Kigoma tunajua maana ya kambi kukaa mpaka watoto waliozaliwa humo nao wazae. Ile ya Tindouf ina nusu karne.

Mwaka 1991 vita vilisimamishwa kwa ahadi ya kura ya maoni: uhuru, au kuwa sehemu ya Moroko. Umoja wa Mataifa ulileta ujumbe wake wa kuisimamia. Kura ilikuwa ifanyike Januari 1992. Ugomvi ukawa ni nani aandikishwe, miaka ikaenda, mwaka 2007 Moroko ikaleta pendekezo la mamlaka ya ndani chini ya himaya yake, na Novemba 2020 risasi zikaanza tena. Kura haijapigwa hadi leo.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo historia inaponiuma.

Tanzania iliitambua jamhuri ile Novemba 1978. Tazama tarehe hiyo, Mheshimiwa. Ni siku ambazo majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka na kudai sehemu ya Kagera ni ya Uganda. Nchi ambayo ardhi yake yenyewe ilikuwa imekaliwa ilipata nafasi ya kuwatambua watu wengine waliokaliwa, mbali kule Atlantiki. Halafu Novemba 1984, Addis Ababa, ujumbe wa Sahara ulipoketi kwenye kiti chake katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Moroko ikakasirika ikatoka. Mkutano huohuo ndio uliomchagua Mwalimu Nyerere kuwa mwenyekiti wa Umoja. Na ni Mwalimu huyohuyo aliyepeleka Cairo mwaka 1964 azimio la kwamba mipaka tuliyorithi siku ya uhuru isiguswe. Moroko haikulipenda azimio lile tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo anayesema Tanzania haina lake jambo katika Sahara hajafungua vitabu. Mkono wetu umo tangu mwanzo.

Tulikuwa pia na desturi ya kueleza. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Serikali ilitoa taarifa ndefu yenye sababu, na Mwalimu akaandika mpaka kwenye gazeti la Uingereza kuwaeleza waliokuwa wakiipa Nigeria silaha. Biafra ilianguka Januari 1970. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba ule ulikuwa uamuzi mbaya, na darasani kwangu mjadala huo huwa mkali kuliko wowote, hasa wanafunzi wakigundua kwamba mtu wa azimio la mipaka ndiye aliyewatambua waliojitenga. Hata hivyo mwananchi wa 1968 alijua serikali yake inasimama wapi na kwa nini. Aliweza kuikubali au kuipinga. Mimi wa leo, kuhusu Sahara, napinga au nakubali kitu gani?

Sijasikia tangazo la kuufuta utambuzi wa 1978. Wasahara wana ubalozi wao Dar es Salaam. Wakati huohuo, Oktoba 2016 Mfalme Mohammed wa Sita alikuja na msafara mkubwa, ikatiwa saini mikataba zaidi ya 20, tukaahidiwa uwanja wa mpira Dodoma na msikiti mkubwa Dar es Salaam. Msikiti umejengwa, pale Kinondoni, ni mzuri, na waumini wanaswali humo. Miezi mitatu baada ya ziara, Moroko ilirejeshwa katika Umoja wa Afrika. Sina ugomvi na urafiki huo. Sina hata ugomvi na lile bao moja walilotufunga pale kwa Mkapa kwenye CHAN, Agosti 2025, ingawa hapo najikaza. Urafiki una haki ya kuwepo. Ninachokataa ni urafiki kuwa jibu la swali ambalo haujaulizwa.

Majirani zetu wametuonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufanyika kimyakimya. Septemba 2022, siku chache tu kabla ya hukumu ya hapa Arusha, Rais wa Kenya akiwa ndiyo kwanza ameapishwa aliandika mtandaoni kwamba Kenya inaufuta utambuzi wake wa Sahara. Kiongozi wa Sahara alikuwa Nairobi kwenye sherehe hizohizo. Ujumbe ukafutwa, wizara yao ikajitahidi kusawazisha, na Mei 2025 Kenya ikauunga mkono rasmi ule mpango wa Moroko wa mamlaka ya ndani. Ghana, nchi ya Nkrumah na ya huyo aliyetushtaki, nayo ilisitisha uhusiano na Wasahara Januari 2025. Hakuna hata mmoja aliyewaita wananchi wake kwanza akawaeleza.

Kisha tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2797, kura 11 za ndiyo, Urusi, China na Pakistan zikijizuia, Algeria ikikataa kupiga kura. Azimio linautaja mpango wa Moroko kuwa msingi wa mazungumzo. Siku hizo, Mheshimiwa, hapa kwetu intaneti ilikuwa imezimwa na sote tunajua tulikuwa katika hali gani. Sitarajii mtu yeyote wizarani au mitaani awe aliifuatilia New York wiki ile. Sasa imepita miezi, na nchi zilizokuwa zikisubiri upepo zimeanza kujipanga. Ndiyo maana naandika sasa.

Utaniuliza, mwalimu wa sekondari Arusha haya yanamhusu nini? Nitakueleza mawili ya karibu.

La kwanza ni ramani. Kwenye maduka ya vifaa vya shule hapa mjini zinauzwa ramani za Afrika za aina tatu. Moja ina Sahara Magharibi yenye rangi yake na mstari kamili wa mpaka. Nyingine ina kijivu na mstari wa nukta, bila jina la mji mkuu. Ya tatu haina mpaka kabisa, Moroko imeteremka moja kwa moja hadi Mauritania. Zinaning'inia kwenye ukuta mmoja, bei ni ileile, na muuzaji akiulizwa tofauti yake anasema hiyo ni mpya, hiyo ni ya zamani. Nikiwauliza vijana nchi za Afrika ni ngapi, nusu ya darasa inasema 54, nusu inasema 55, na wote wana pa kushika: Umoja wa Mataifa una wanachama 54 wa Afrika, Umoja wa Afrika una 55. Tofauti ya moja hiyo ndiyo Sahara. Tanzania ya 1978 inasema 55. Wizara yako inasemaje? Tukiwa na jibu, watunga mitihani na wachapaji watalifuata. Tusipokuwa nalo, mchapaji wa nje ndiye atakayetuamulia, na ameshaanza.

La pili ni mbolea. Masika yanapokaribia, mkulima wa Arumeru au Karatu anaingia duka la pembejeo kununua DAP ya kupandia. Mfuko wa kilo 50 utamwambia mbolea imetoka nchi gani. Hautamwambia fosfeti imechimbwa mgodi gani. Moroko ina migodi mikubwa ndani ya mipaka yake halali, na fosfeti yake nyingi inatoka huko, hilo lisemwe wazi. Lakini ipo pia Bou Craa, ndani ya Sahara, ambako mzigo unapanda mkanda wa kusafirishia wenye urefu wa kilomita karibu 100 mpaka baharini, ukimwaga vumbi jeupe njia nzima hadi unaonekana kwa setilaiti. Sisi watu wa kanda hii tunalijua vumbi la namna hiyo. Ukitoka Makuyuni kwenda Babati unalikuta Minjingu, limekaa juu ya majani ya miti. Fosfeti ya Minjingu ni yetu na tunauza tukipenda. Ile ya Bou Craa ina mwenyewe aliye kambini.

Hili si wazo la mwalimu aliyekaa vibaya. Mei 2017 meli Cherry Blossom, ikiwa na tani zaidi ya 50,000 za fosfeti ya huko kwenda New Zealand, ilizuiwa Port Elizabeth kwa amri ya mahakama ya Afrika Kusini, na Februari 2018 mahakama ikasema shehena ni mali ya Wasahara. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilibatilisha mikataba ya samaki na mazao kati ya Ulaya na Moroko kwa kuwa Wasahara hawakuridhia itumike kwenye ardhi yao. Kumtaka muagizaji wa mbolea aonyeshe cheti cha mgodi ni kazi ya karatasi moja. Hiyo ndiyo ingekuwa namna ya "kutofanya lolote litakalohalalisha" kwa lugha ya bandarini.

Najua kuna hofu nyingine ambayo haisemwi. Sisi ni nchi ya Muungano, na mtu akitamka neno kujitenga, shingo zinageuka. Mheshimiwa, Sahara haikujitenga na Moroko kwa sababu haikuwahi kuungana nayo. Hakuna hati ya muungano wala bunge lililoridhia, na wala udongo haukuchanganywa. Ilitoka mkononi mwa Hispania ikaingia mkononi mwa jirani, mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Kuwatetea hakumpi mtu yeyote hoja dhidi ya Muungano wetu.

Na sisemi kwamba Polisario ni malaika au kwamba wataendesha nchi vizuri. Inawezekana hata wakipiga kura leo wengi watachagua kubaki na Moroko. Sawa. Waulizwe.

Ombi langu kwako liko wazi. Simama bungeni, kwa Kiswahili, useme kama utambuzi wa 1978 bado upo. Kama upo, useme Tanzania inautekelezaje ule wajibu uliotajwa kwenye hukumu ya Arusha, ikiwemo suala la bidhaa zinazotoka eneo lile, na kwamba hatutafungua ubalozi mdogo El Aaiún wala Dakhla kama walivyofanya baadhi ya ndugu zetu, Komoro wakiwa wa kwanza. Kama haupo, useme ulifutwa lini, na nani, na kwa sababu zipi, ili sisi tunaofundisha tujue tunafundisha nini na wanaotaka kukupinga wakupinge.

Na lile tamko nililosema nitalirudia. Tanzania ililitoa mwaka 2010 na kulifuta Novemba 2019, wakati Mahakama ikiwa na kesi nyingi kutoka kwetu kuliko nchi nyingine yoyote. Ndiyo kusema Mornah angekuja leo na kesi ileile, angezishtaki nchi nyingine, siyo sisi. Na mimi ninayeishi daladala moja kutoka mlangoni kwa Mahakama siwezi kuipeleka serikali yangu pale, si kwa ajili ya Sahara wala kwa ajili ya shamba langu. Mwaka ule wa 2010 hatukuona ubaya wa kushtakiwa na raia wetu. Kulirudisha kunahitaji barua moja kutoka ofisini kwako kwenda Addis Ababa.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Historia,
Arusha